Je, Wajua? Watoto Watatu na Pipa la Maji

Je, wajua kuwa mama wa mtoto aliyechorwa katika picha maarufu ya Urusi alirudi miaka kadhaa baadaye akitaka kuinunua?

Picha yenyewe ni Troika, iliyochorwa na Vasily Perov mwaka 1866. Watoto watatu, wanagenzi wa karakana za Moscow, wamejifunga kamba wakikokota pipa la maji juu ya theluji. Maji yaliyomwagika yamegandia ubavuni mwa pipa. Mbwa anakimbia kando yao. Na troika ndilo jina la farasi watatu wanaofungwa pamoja kuvuta gari. Mchoraji hakuhitaji kuongeza maelezo.

Perov mwenyewe alisimulia kuwa watoto wawili alishamaliza kuwachora, akawa anamtafuta wa katikati. Akamwona mvulana, Vasya, akipita na mama yake, mwanamke wa kijijini. Mama alisita sana, kwani aliamini mtoto akichorwa hudhoofika. Mwishowe akakubali.

Mama aliporudi miaka kadhaa baadaye, Vasya alikuwa ameshakufa kwa ndui. Mama alikuwa ameuza vitu vyake akakusanya fedha, bila kujua kuwa picha ilikwishanunuliwa na Pavel Tretyakov, tajiri ambaye jumba lake la sanaa linaihifadhi hadi leo. Perov akampeleka huko. Chumbani mlikuwa na picha tele. Mama hakuuliza, akaiendea ya mwanawe moja kwa moja, akapiga magoti.

Baadaye Perov alimchora Vasya peke yake, akamtumia mama picha hiyo kijijini.