Je, Wajua? Maigizo Yaliyotoroka Chuoni

Tamthilia ya nyimbo iitwayo Godspell, ambayo hadi leo huchezwa na vikundi vya shule na makanisa katika nchi nyingi, ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili. Mwenye kazi alikuwa John-Michael Tebelak, mwanafunzi wa maigizo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kwenye ibada ya Pasaka akiwa na nywele ndefu na ovaroli. Ndani akaona ibada imepooza, na alipotoka nje polisi akamsimamisha, akampekua kutafuta dawa za kulevya. Akarudi nyumbani na kuikamilisha tamthilia inayosimulia Injili, hasa ile ya Mathayo, kwa michezo, nyimbo na maleba ya wachekeshaji. Ilionyeshwa chuoni Desemba 1970. Mei 1971 ilikuwa New York, sasa ikiwa na nyimbo mpya za Stephen Schwartz, aliyesoma chuo hichohicho. Historia haisemi kama yule polisi alipata tiketi.

Schwartz naye alikuwa na lake. Mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki kuandika Pippin kwa ajili ya klabu ya maigizo ya wanafunzi. Ilipofika Broadway mwaka 1972 ilichezwa mara 1,944, lakini nyimbo na mazungumzo ya ile ya chuoni yalikuwa yametupwa yote. Jina ndilo lililobaki.

Je, wajua kwamba Lin-Manuel Miranda, ambaye baadaye angeandika Hamilton, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili alipoanza kuandika In the Heights? Ilipanda jukwaani kwa siku tatu tu, Aprili 2000, chini ya Second Stage, kikundi kinachoendeshwa na wanafunzi wenyewe katika Chuo Kikuu cha Wesleyan. Wenzake waliosoma hapo waliiona, wakamfuata, wakamwambia hii isife. Haikufa, ila haikufika mapema: Broadway iliipokea mwaka 2008, ikachukua Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya nyimbo. Ni miaka minane ya kuandika na kufuta, na ndiyo sehemu ambayo wasimuliaji wengi huiruka.

Vijana wawili wa Cambridge, Toby Marlow na Lucy Moss, mambo yao yalikwenda kasi zaidi. Waliandika SIX huku mitihani ya mwisho ikiwakaribia. Ndani yake wake sita wa Mfalme Henry wa Nane wanashindana kama nyota wa muziki wa kisasa, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyeteswa zaidi. Wanafunzi waliicheza kwenye tamasha la Edinburgh Agosti 2017. Miaka mitatu haijatimia, ikawa tayari kuzinduliwa rasmi Broadway jioni ya tarehe 12 Machi 2020. Mchana wa siku hiyohiyo majumba yote ya maonyesho ya Broadway yakaamriwa kufungwa kwa sababu ya korona. Waigizaji walikuwa wamejiandaa na wageni wamealikwa, lakini uzinduzi ukangoja hadi Oktoba 2021. Mwaka uliofuata SIX ikatwaa Tony ya nyimbo bora.

Kwetu Afrika Mashariki, tamthilia za vyuoni zimetoroka kwa namna nyingine, na mara nyingi hazikuwa zikitafuta tuzo. Je, wajua kwamba The Black Hermit ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ilionyeshwa mara ya kwanza na wanafunzi wa chuo cha Makerere? Ilikuwa Novemba 1962, kwenye Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, wiki chache tu baada ya Uganda kupata uhuru. Mwandishi alikuwa bado mwanafunzi na alijulikana kama James Ngugi. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Birth of a Dream Weaver, anaeleza kwamba kabla ya hapo aliandika igizo fupi lililokataliwa kupanda jukwaa hilohilo, kwa kuwa lilimwonyesha ofisa wa Kiingereza akimbaka mwanamke. Ofisa wa Kiingereza, aliambiwa, hawezi kufanya jambo kama hilo.

Mwaka 1965 Makerere walianza msafara wao wa maigizo. Wanafunzi, pamoja na mhadhiri wao David Cook, walizunguka Uganda na Kenya wakicheza bure, tena si kwa Kiingereza peke yake; Kiswahili na Kiganda vilikuwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuja kuwa na msafara wa aina hiyo katika miaka ya 1970. Mimi naona huo ndio ulikuwa msimu halisi wa maigizo, kwa maana huku mtazamaji hakuja kwa heshima ya jengo, na igizo likimchosha alikuwa huru kuondoka zake.

Dar es Salaam mambo yalikuwa kwa Kiswahili. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, tamthilia kuhusu Vita vya Maji Maji, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia hiyo ilichezwa chuoni na kuchapishwa mwaka 1969, na mwaka 1970 ikatoka tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe. Wengi walioisoma shuleni wanaikumbuka kama kitabu cha mtihani, jambo la kusikitisha kidogo, maana iliandikwa ichezwe. Kundi la watu waliopagawa na habari ya maji yanayozuia risasi ni jambo la kuonwa na kusikiwa, si la kupigiwa mstari.

Na kuna usiku mmoja wa Oktoba 1976 jijini Nairobi ambao ningelipa nauli ya kuufikia. Ngũgĩ na Micere Githae Mugo, wote wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuwa wameandika The Trial of Dedan Kimathi. Walipoomba Jumba la Taifa la Maonyesho, ambalo liko jirani kabisa na chuo, walipewa siku chache tu, kwa sababu ratiba ilikuwa na wageni: kulikuwa na dansi ya Kifaransa, na kulikuwa na tamthilia ya nyimbo ya Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Hata hivyo watu wakajaa. Ulipofika wimbo wa mwisho, watazamaji waliinuka wakaungana na waigizaji, wakatoka wakicheza hadi barabarani, ng'ambo ambako iko hoteli ya Norfolk. Mwaka uliofuata tamthilia hiyo ilikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC.

Jambo moja la ofisini. Chuo hakiwezi kuokota tamthilia ya nyimbo ya Broadway na kuicheza tu. Hulipia haki, na vitabu vya nota mara nyingi hukodishwa. Wanafunzi huandika maelekezo yao kwa penseli, na kabla ya kurudisha ni lazima wayafute yote. Ukimkuta mpiga tarumbeta amekaa sakafuni baada ya onyesho la mwisho akihangaika na raba, usidhani ameadhibiwa.

Je, wajua kwamba klabu ya Hasty Pudding ya Harvard ilianza maigizo mwaka 1844, na wanaume ndio waliocheza hata nafasi za wanawake hadi mwaka 2018? Nafasi ya kupanda jukwaani ilipofunguliwa kwa wanawake, klabu ilikuwa imeshawatuza wanawake maarufu kila mwaka tangu 1951.

Oxford nako, Februari 1966, wanafunzi walicheza Doctor Faustus ya Christopher Marlowe wakiwa na wageni wawili kati yao: Richard Burton na Elizabeth Taylor, nyota walioongoza kwa umaarufu duniani wakati huo, waliokubali kucheza bila malipo. Mwongozaji alikuwa Nevill Coghill, aliyemfundisha Burton zamani. Burton alibeba mzigo wote wa maneno. Taylor alikuwa Helena wa Troya, mwenye uzuri ulioanzisha vita, na katika tamthilia nzima hakuwa na sentensi hata moja. Wahakiki hawakuwaonea huruma. Lakini mchango wa wawili hao ulizaa ukumbi mdogo mjini humo wenye majina yao, unaotumiwa na wanafunzi hadi leo. Una viti 50 hivi.