Hifadhi Iko Mlangoni Petu, Akina Mama

Watoto wengi wa Mwanza humaliza darasa la saba wakimjua pundamilia kwa picha ya kitabuni tu. Huku wageni wanavuka bahari kuja kumwona! Sababu zetu nyumbani ni mbili: fedha hazitoshi na nafasi hakuna. Ni za kweli. Baba yuko kazini, mama ana zamu au genge la kuangalia, na Jumapili ni ya ibada. Lakini mara nyingi tunaposema hatuwezi, huwa tunafikiria kulala hotelini Serengeti.

Tuanze na kilicho karibu. Kisiwa cha Saanane kiko mbele ya Capri Point, safari ya dakika chache kwa boti. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni kidogo, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na kwa mama mwenye watoto udogo huo ni faida. Hakuna gari la kukodi. Mnatembea kwa miguu, mnaona swala pala, pundamilia na pimbi walioanika matumbo juu ya mawe. Asubuhi moja ya Jumamosi yatosha.

Bei msiulize kwa jirani. Nendeni ofisini kwao siku chache kabla, muulize kiingilio, boti na namna ya kulipa. Raia hulipa pungufu kuliko mgeni, basi chukueni vitambulisho. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa kidogo kuliko mtu mzima. Chakula kitoke nyumbani: maandazi, michembe, maji yaliyochemshwa.

Hapa tunasema kama wauguzi. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka, hata akilia. Wala asichezee maji ufukweni. Mamba wapo, na vijidudu vya kichocho hupenya ngozi isiyo na kidonda chochote.

Serengeti nayo haiko mbali kama tunavyodhani. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Musoma, mbele kidogo ya Lamadi, kama saa mbili kutoka mjini. Familia nne au tano zikiweka akiba pamoja tangu Januari, zaweza kukodi gari moja likizo ya Juni, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Majira hayo nyumbu wanaohama hupita upande huu wa magharibi. Msivae nguo nyeusi wala za bluu, zinavuta mbung'o. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili giza lisiwakute njiani jioni, na mama mmoja ashike orodha ya watoto, awahesabu kila gari linaposimama.