Utangulizi: Nusu Peni za Kuiga na Mafundi Waliozigonga

Sarafu iliyo mbele yangu ninapoandika ni ya shaba, na rangi yake ni ya kahawa chungu. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume aliyevikwa shada la majani, kimezungukwa na maneno GEORGIVS III REX, yaani Mfalme George wa Tatu. Upande wa pili ameketi Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, tawi mkono wa kulia, mkuki mkono wa kushoto, ngao ubavuni. Chini yake pameandikwa 1787. Mtu akiiokota ataiita nusu peni ya Uingereza na kuendelea na safari yake. Ila kiwanda cha sarafu cha mfalme huyo kiligonga nusu peni za miaka 1770 hadi 1775 tu, kikanyamaza, na nusu peni nyingine ya kifalme haikutoka hadi 1799. Sarafu hii imejitaja yenyewe kwa mwaka wake. Nikiipima, mizani inasoma gramu 7 na ushei, ilhali ya halali ilipaswa kukaribia gramu 9.9, maana kila ratili ya shaba ilitakiwa kutoa nusu peni 46.

Kwa hiyo ni ya kughushi. Na bado mkusanyaji anayeijua atailipia zaidi, tena mara nyingi zaidi, ya nusu peni halali ya zama zake. Kitabu hiki kinaeleza kwa nini, na kinamkaribisha msomaji kwenye elimu ambayo kwa Kiswahili haijaandikwa vya kutosha, ingawa sisi tuna haki nayo. Maneno mawili tunayoyatamka kila siku, pesa na hela, yote yalikuwa majina ya sarafu ndogo. Pesa ni paisa ya Bara Hindi iliyovuka bahari; hela ni Heller ya Wajerumani. Lugha yetu ilichukua jina la fedha kutoka kwenye chenji ya mkononi, si kutoka kwenye dhahabu ya sandukuni.

Chenji ndiyo chanzo cha habari yote. Serikali ya Uingereza ya karne ya 18 iliheshimu dhahabu na fedha; shaba iliiona kazi duni. Baada ya 1754 nusu peni hazikugongwa kwa miaka 15 na zaidi, na baada ya 1775 zikakatika tena. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaota kila mahali na wafanyakazi walihitaji kulipwa kila wiki kwa vipande vidogo vya kununulia mkate na bia. Pengo hilo likazibwa na watu wa Birmingham, mji wa wafua vyuma na watengeneza vifungo vya nguo, waliokuwa tayari na mashinikizo, shaba na mikono iliyozoea. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho hukohuko Birmingham, aliandika mwaka 1789 kwamba katika safari zake thuluthi mbili za nusu peni alizorudishiwa kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara zilikuwa bandia. Akaeleza pia biashara ilivyokwenda: waajiri wa hali ya chini walinunua kwa waghushi nusu peni zenye thamani ya shilingi 36 kwa shilingi 20, kisha wakawalipa nazo wafanyakazi. Hasara yote ikamwangukia yule wa mwisho, mama aliyepeleka kiganja cha shaba dukani na mwenye duka akazikataa. Mimi nikishika sarafu iliyosagika, humwona mama huyo kabla ya kumwona mghushi.

Sheria nayo ilikuwa legevu. Kughushi dhahabu au fedha kulikuwa uhaini na adhabu yake kifo. Kughushi shaba, chini ya sheria ya 1742, kulimpeleka mtu gerezani miaka miwili. Mwaka 1771 adhabu ikakazwa, na hapo ndipo ujanja mwingine ukashamiri. Fundi alichonga kichwa kinachofanana na cha mfalme, akamketisha mwanamke anayefanana na Britannia, lakini akabadili maneno. Badala ya GEORGIVS III REX akaandika GEORGE RULES. Badala ya BRITANNIA akaandika BRITAINS ISLES, au hata BONNY GIRL. Nyingine zina jina la Shakespeare. Akikamatwa, angedai kwamba hakuiga sarafu ya mfalme, maana maneno si yale. Watu wengi wa soko la siku zile hawakusoma maandishi, walitazama umbo na rangi, na sarafu ikapita. Hizi tutaziita sarafu za kukwepa, na nawasihi wanaoanza wasizichanganye na za kughushi zenye maneno ya mfalme. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja anauzwa na kusomwa kivyake. James Atkins aliziorodhesha mwaka 1892 pamoja na vipande vya wafanyabiashara wa karne ile, na orodha yake bado hutajwa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Sarafu hugongwa kwa mihuri miwili ya chuma iliyochongwa kinyume, mmoja chini, mmoja juu, na kisahani cha shaba katikati. Mchongaji hachongi kila herufi upya. Ana vyuma vidogo, kimoja cha A, kimoja cha R, kimoja cha S, naye huvigongelea kwenye muhuri. Kama mguu wa R umekatika ncha, utatokea umekatika kwenye kila muhuri aliougusa. Hapo ndipo tunapomkamata. Hatuna jina lake, hatuna kitabu chake cha hesabu, kwa sababu mtu wa kazi ya siri haweki kumbukumbu. Tuna R yake. Sarafu mbili zenye miaka tofauti na wafalme tofauti zikionyesha R ileile, tumeanza kukijua kiwanda kimoja.

Nitoe mfano ninaoupenda kuliko yote. Baada ya uhuru wa Marekani, jimbo la Vermont lilimpa Reuben Harmon wa Rupert ruhusa ya kugonga sarafu za shaba. Mwaka 1787 Harmon akaungana na Thomas Machin, aliyekuwa na kinu karibu na Newburgh, New York, ambako nusu peni za kuiga za Kiingereza ziligongwa. Kuna sarafu ya Vermont ambayo mbele ina maneno VERMON AUCTORI, na nyuma, badala ya alama za jimbo, ameketi Britannia. Itazame kwa mwanga wa ubavuni. Kichwa kinasomeka vizuri, lakini nyuma Britannia ni kama kivuli na mwaka umemezwa. Anayeanza husema imechakaa. Lakini sarafu haizunguki mifukoni kwa uso mmoja! Na kila nakala inayoonekana ina hali ileile. Basi si uchakavu wa sarafu, ni muhuri uliokuwa umekwisha nguvu kabla ya kipande hicho kugongwa: muhuri wa nusu peni ya kuiga, umetolewa kwenye sanduku la kazi ya siri na kutumiwa kwenye kazi ya halali. Kipande kimoja cha shaba kimetuonyesha undugu wa viwanda viwili.

Nitahadharishe hapohapo. Kwa miaka mingi karibu mihuri yote ya sarafu za Machin ilisemwa ni kazi ya mchongaji mmoja, James Atlee. Walipokaa watu wakalinganisha vyuma vya herufi kimoja kimoja, dai hilo likatikisika. Jina zuri linavutia, ila herufi ndiyo ishikwe kwanza.

Anayetaka kuzoeza jicho lake akiwa Tanzania asingoje nusu peni ya Birmingham. Mwaka 1916, Vita Kuu vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, karakana ya reli ya Tabora iligonga heller 20, nyingine za shaba, nyingine za shaba ya manjano. Si za kuiga, ni za serikali yenyewe, lakini ziligongwa kwa haraka na kwa mihuri kadhaa isiyolingana: iko yenye taji kubwa na iko yenye taji dogo. Ukiweza kuzipanga kumi za Tabora kwa mihuri yake, umeshajua nusu ya ufundi wa kupanga nusu peni za kuiga.

Kuhusu bei, wengi hukosea pale wanapoifuata sura. Sarafu mbovu kwa macho inaweza kuwa ghali kwa sababu mihuri yake imeonekana kwenye vipande vichache tu. Wakusanyaji hutumia kipimo cha William Sheldon, kilichotoka 1949, chenye ngazi nane za uadimu: ngazi ya tano ni vipande 31 hadi 75 vinavyojulikana, ya saba ni 4 hadi 12, ya nane havizidi vitatu. Lakini uadimu bila watu wanaoitafuta sarafu yenyewe haupandishi kitu. Nusu peni za Uingereza zenye mwaka 1775 zilighushiwa kwa wingi wa ajabu. Katika wingi huo imo mihuri adimu sana ambayo bado huuzwa kwa bei ya karanga, kwa kuwa wachache wanaitambua. Zile za Machin hupanda kwa kuwa Wamarekani wanazihesabu katika historia yao. Yenye mwaka 1776, kwa kuwa ndio mwaka waliotangaza uhuru wao, inagombewa.

Ombi langu moja ni zito. Usiisugue. Najua tulivyolelewa: sufuria ya shaba hupigwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, na aliyeisugua akasifiwa. Sarafu ikifanyiwa hivyo imevuliwa ngozi. Mistari myembamba ya muhuri inaondoka pamoja na weusi, na thamani inaondoka nayo siku hiyohiyo. Vumbi litolewe kwa brashi laini, basi.

Na ujue kwamba siku hizi za kuiga zenyewe zinaigwa. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala ya sarafu iwe na neno COPY, lakini wauzaji wengine hawajali. Nyingi hutengenezwa kwa kumimina shaba kwenye kalibu. Tazama ukingo kama una mshono uliopigwa tupa. Tazama uwanda wa sarafu kama una vishimo vidogo vya mapovu. Tazama herufi, kwa sababu iliyomiminwa ina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na iliyogongwa ina kingo zilizosimama.

Narudi kwenye ile ya mezani. Chini ya lenzi, misalaba ya ngao ya Britannia haina mistari ya kuizungushia. Za Birmingham kwa kawaida huwa nayo. Sura ya kwanza inaanzia kwenye ngao hiyo, nawe uwe na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, lenzi ya kukuza mara kumi, na taa unayoweza kuilaza ubavuni.