Miaka Mkonge Ulipokosa Bei

Walimu watuuliza mara nyingi, je, wazee wetu wa Tanga na Bonde walipitaje katika miaka ile ya shida iliyoanza mwaka 1929? Habari hii yafaa kusomwa nyumbani, maana watoto wauona mkonge njiani toka Muheza hata Korogwe, nao hudhani umeota wenyewe.

Mkonge si mmea wa kwetu. Daktari Richard Hindorf aliuagiza toka Florida mwaka 1893; ikapona miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Toka miche hiyo mashamba yakaenea, hata Tanga nzima ikawa yategemea zao moja. Na mkonge ulifanya kazi gani? Wakulima wa ngano wa Marekani na Kanada walifungia miganda yao kwa kamba zake. Basi fedha ilipoharibika New York mwezi wa Oktoba 1929, na ngano ikakosa bei, mkulima yule alipunguza kununua kamba. Mkata mkonge wa huku hakumjua mtu huyo, wala hakupata kusikia jina la mji wake, lakini ujira wake ulikatwa. Tani iliyouzwa zaidi ya pauni 30 mwaka 1929 ilishuka hata chini ya nusu kabla ya mwaka 1933.

Wenye mashamba hawakupunguza kukata. Walizidi, ili wingi ulipe upungufu wa bei. Angalieni sana jambo hili: kazi ilizidi, ujira ukapungua.

Serikali ya Kiingereza nayo ilipungukiwa. Mwaka 1932 Bwana Armitage-Smith alikuja kuchungua matumizi yake, na fedha za elimu zilipunguzwa. Lakini kodi haikungoja. Asiyekuwa na shilingi alilipa kwa mikono yake, akitengeneza barabara. Twaona hapa palikuwa na udhalimu, wala hatuoni sababu ya kuuficha.

Juu ya hayo wakaja nzige, na upande wa Handeni watu walishikwa na njaa. Yusufu kule Misri alipewa miaka saba ya kuweka akiba. Wazee wetu hawakuonywa kwa ndoto yo yote. Serikali iliwahimiza kulima zaidi. Wengi walirudi kwao, wakapanda muhogo, kwa kuwa nzige hula majani, na mzizi hubaki chini. Wako waliowaita wavivu kwa sababu waliacha mkonge. Sisi hatulikubali neno hilo. Mtu aliyeacha ujira usiomtosha, akaenda kuwalimia wanawe, ni mvivu wa namna gani? Tena tukisema nchi ilivumilia, tujue nchi ni nani: ni mama mwenye jembe, aliyepika muhogo jioni akaugawa kwa jirani.

Katikati ya miaka ya 1930 bei ya mkonge ilianza kupanda tena. Ujira haukuifuata upesi. Na mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma.