Kuongeza Oili Si Kubadili Oili

Wasikilizaji wetu, katika viunga vya Dar es Salaam, kama Temeke na Kinondoni, malori ya dizeli hupita mchana na usiku. Yafaa tujue ni kitu gani kinachoua injini zake kabla ya wakati. Ni chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho.

Jambo hili lilidhihirika sana katika injini za makaa ya mawe. Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, alitumaini kwamba injini yake ingetumia hata unga wa makaa. Mwaka 1916 Bwana Rudolf Pawlikowski aliendesha injini ya namna hiyo mjini Görlitz. Unga uliwaka vema. Taabu ilikuwa majivu. Ndani yake mna chembe ngumu kuliko chuma cha silinda. Zilikwangua ringi za pistoni kama msasa, kisha zikapenya zikashuka katika oili, nayo oili ikazichukua mpaka kwenye beringi. Hivyo kilichotiwa ili kulainisha kikawa chenye kusaga.

Mafundi walitafuta dawa tatu: kuyasafisha makaa ili majivu yapungue, kutengeneza ringi na silinda za madini magumu zaidi, na kuzuia uchafu usifike penye oili. Wamarekani nao walijaribu njia hizo katika miaka ya 1980. Hata hivyo, injini za makaa hazikuenea.

Sisi hatutii makaa katika malori yetu, lakini vumbi la barabara za udongo lina mchanga mgumu vivyo hivyo. Huingia kwa chujio la hewa lililopasuka, au kwa kopo chafu la kutilia oili. Wako wenye magari ambao, wakiona oili imepungua, huongeza kidogo wakadhani kazi imekwisha. Sivyo! Oili mpya haiondoi mchanga wa zamani. Sharti oili yote imwagwe na chujio lake libadilishwe, kwa kipimo walichoagiza waliotengeneza injini.

Wala tusiihukumu oili kwa weusi tu, maana oili njema hushika masizi yasigande, ikawa nyeusi upesi. Tuhesabu safari na saa za kazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Na vumbi nalo hujaza vivyo hivyo.