Ng'ombe Mzima Anapotupa Mimba

Ndugu mfugaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Leo maneno hayo yanamhusu ng'ombe wako.

Ng'ombe amenona, anakula vizuri, hana homa. Ghafla, mimba ikiwa na miezi 5 au zaidi, anaitupa. Majirani wanasema karogwa. Kumbe huenda ni kijidudu kiitwacho brusela.

Je, kinafanyaje kazi? Katika damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviua. Brusela navyo humezwa. Vingi hufa, lakini vichache hukwepa sumu ya askari, vikajipatia chumba humo humo ndani ya chembe na kuanza kuzaana. Basi askari anatembea mwilini akimbeba adui, mpaka kwenye kiwele na mji wa mimba. Huko vijidudu huingia katika chembe za kondo la nyuma, huzaana kwa wingi na kuziharibu. Ndama hukosa chakula na hewa, mimba inatoka.

Umeona hila yake? Ndiyo maana ng'ombe huonekana mzima, na sindano haimponyi: dawa haivifikii vizuri vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe. Hata akizaa salama safari nyingine, aweza kuvitoa katika maziwa na maji ya uzazi.

Basi fanya hivi. Mimba ikitoka, mtenge ng'ombe huyo, umwite bwana mifugo apime damu. Usishike ndama wala kondo kwa mikono mitupu, wala usiwape mbwa. Fukia shimo refu. Ikithibitika anao ugonjwa, usimwuzie jirani akafuge. Mitamba wachanjwe wangali wadogo, kabla ya kupandwa.

Maziwa yachemshe, hata ya mtoto. Binadamu naye huambukizwa: homa huja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma, naye hudhani ni malaria. Nenda hospitali, useme kwamba unafuga. Matibabu ya kawaida ni dawa za aina 2 kwa muda usiopungua wiki 6. Usiache ukijisikia nafuu wiki ya pili, maana adui bado yumo ndani ya askari wako.

Haya, ndugu mfugaji, chungu cha maziwa kisitoke jikoni kabla hakijachemka. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.