Je, Wajua? Kalsiamu Tele Haijengi Tumbawe

Tumbawe ni jiwe linalojengwa na mnyama laini, mara nyingi mdogo kuliko punje ya hindi, anayechota kalsiamu na bikabonati kutoka maji ya bahari na kuviunganisha kuwa mifupa yake. Kwa kuwa kalsiamu ndiyo maarufu kati ya viwili hivyo, wengi wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo huamini kwamba ikiwepo ya kutosha, mifupa itajijenga. Imani hiyo imekosea mahali pa kutazama. Kinachopungua haraka, na kinachostahili kupimwa kabla ya vingine vyote, ni ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao baharini hutokana hasa na bikabonati na kabonati.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 410 hivi za kalsiamu, lakini ualkali wake ukihesabiwa kama bikabonati ni miligramu 140 tu. Kila miligramu 20 za kalsiamu zinapogeuka jiwe, hutumia miligramu 61 za bikabonati. Ujenzi huo ukifanyika ndani ya tangi bila kufidiwa, kalsiamu itashuka kutoka 410 hadi 390, badiliko dogo ambalo kipimo cha nyumbani huenda kisilionyeshe. Bikabonati zitakuwa zimeanguka kutoka 140 hadi 79. Mwenye tangi atasoma kalsiamu yake na kuridhika, huku matumbawe yakiwa kama fundi aliyeachiwa lundo la mchanga na mfuko wa mwisho wa saruji.

Ushahidi mzuri ulipatikana jangwani Arizona, Marekani, ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo lenye bahari ya kutengenezwa yenye ujazo wa lita milioni mbili na nusu hivi. Chris Langdon na wenzake walibadilisha kemia ya maji hayo kwa makusudi na kupima kasi ya ujenzi wa mwamba mzima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba kasi hiyo hufuata zao la kalsiamu mara kabonati. Msomaji makini atasema hapo kwamba kalsiamu nayo imo katika hesabu. Ni kweli, imo. Lakini katika zao la namba mbili, ile inayoyumba ndiyo inayoamua jibu, na ndani ya tangi kalsiamu haiyumbi kwa kiasi cha kulinganishwa na mwenzake.

Wengine hushikilia pH. Baharini ni 8.1 hivi, kwa hiyo hutia kemikali kila inaposhuka. Lakini pH hupanda na kushuka kila siku: mchana mwani unaoishi ndani ya matumbawe hutumia kabonidioksidi, na usiku viumbe wote huitoa. Hata chumba kilichofungwa madirisha, chenye watu wengi wanaopumua, huiteremsha pH. Mara nyingi dirisha likifunguliwa tatizo huisha, na dawa iliyokwisha kumiminwa imeshauvuruga ualkali bure.

Hoja nyingine ni kwamba kubadilisha maji kunatosha. Kwenye tangi lenye matumbawe machache, naikubali. Lakini rudi kwenye zile miligramu 79: ukibadilisha sehemu ya kumi ya maji kwa maji mapya yenye 140, utarudisha miligramu 6 tu. Wala dawa yake si kumimina bikabonati bila kiasi. Maji ya bahari za joto tayari yana kabonati ya kalsiamu nyingi kuliko maji yanavyoweza kuihimili kwa kawaida. Magnesiamu, miligramu 1,300 hivi kwa lita, ndiyo inayoichelewesha isigande yenyewe. Ukizidisha, jiwe litaota kwenye pampu badala ya kuota kwenye tumbawe.

Njia mojawapo ya kurudisha kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule unaotumika ni maji ya chokaa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mawe ya matumbawe yamechomwa kwa karne nyingi na kuzimwa kwa maji ili kupata chokaa ya kujengea. Kemikali hiyohiyo, haidroksidi ya kalsiamu, ikiwa safi na isiyo na taka za chokaa ya dukani, hudondoshwa polepole ndani ya tangi, hasa usiku. Polepole, kwa sababu pH yake hupita 12.

Je, ya tangini yana uhusiano gani na bahari halisi? Rebecca Albright, Ken Caldeira na wenzao waliongeza ualkali wa maji yaliyopita juu ya mwamba wa One Tree Island, Australia, hadi kukaribia hali ya kabla ya zama za viwanda. Mwaka 2016 waliripoti kwamba ujenzi wa mwamba uliongezeka kwa asilimia 7 hivi. Kanuni ni ileile, ila bahari nzima haiwezi kudondoshewa chokaa. Tangi linaweza.

Basi, kabla ya kununua tumbawe hata moja, nunua kipimo cha ualkali. Pima saa ileile kila siku mpaka ujue tangi lako linatumia kiasi gani, kisha rudisha kiasi hicho tu. Na tumbawe lenyewe usilinunue bila kuuliza lilitoka wapi: matumbawe magumu yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mipaka ya nchi kunahitaji kibali.